Siku Baba Alipoanguka

Jirani yangu wa ghorofa ya chini akichemsha chinsaga, mimi hufunga dirisha. Msinielewe vibaya. Mboga hiyo naipenda, na ikiletwa mezani ikiwa imetulia katika maziwa yake, naila mpaka naona aibu. Nisichokiweza ni harufu ya mwanzo, wakati uchungu wake unatoka na mvuke na kupanda ngazi hadi mlangoni kwangu. Harufu hiyo ikinifikia, kwa muda mfupi siwi tena mwalimu wa watoto wadogo mwenye funguo za nyumba yake mjini Kisii. Nakuwa na miaka sita, nimesimama mlangoni mwa jiko la nyanya yangu karibu na Suneka, na mwanamume nisiyemjua ananiuliza kama nasikia Kiswahili.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja lazima niwaambie, la sivyo wasio Wakisii watapotea njiani. Katika Ekegusii, lugha yetu, mama mzazi anaitwa baba. Ndiyo, hivyo hivyo. Baba ndiye aliyekubeba tumboni, akakunyonyesha, akakufunga mgongoni akienda shambani. Baba mzazi yeye tunamwita tata. Nina rafiki wa Mombasa ambaye kila nikimweleza habari hii hunigusa paji la uso kuona kama nina homa. Lakini kwetu hakukuwa na ajabu yoyote. Katika maandishi haya nitamwita mama kwa ajili yenu, ila mjue kwamba siku hizo hakuwa na jina jingine kinywani mwangu. Alikuwa baba, na baba alikuwa yeye.

Mwaka huo nilikuwa nimeanza darasa la kwanza, na huko ndiko nilikokutana na Kiswahili uso kwa uso. Nyumbani kilizungumzwa tu wakati tata na mama walipotaka kusema jambo ambalo halikunihusu. Kitabu chetu kilikuwa na picha ya mwanamume mwenye masharubu, kofia na mkoba, na chini yake paliandikwa: Huyu ni baba. Mwalimu alipoisoma mara ya kwanza, darasa zima liliangua kicheko. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliuliza kama huyo baba mwenye masharubu ananyonyesha, akatolewa nje akapige magoti. Nina hakika mwalimu alitueleza vizuri, maana naye alikuwa Mkisii na alijua tatizo liko wapi. Lakini maelezo yake hayakupata pa kukaa kichwani mwangu. Nilikuwa nimeshalitatua jambo lile kivyangu.

Kijijini petu kulikuwa na mzee aliyeitwa Chuma, na mimi niliamini kabisa kwamba mahali fulani ndani yake, pasipoonekana, kulikuwa na chuma. Kwa nini aitwe hivyo bure? Basi na yule wa kitabuni lazima alikuwa na kitu cha mama yangu ndani yake, kitu alichokipata sijui kwa njia gani. Sikumpenda. Nilikariri na wenzangu, huyu ni baba, huyu ni mama, mwalimu akafurahi, na jioni nikarudi nyumbani kumtazama baba wa kweli akipalilia migomba, kuhakikisha kwamba bado yuko mzima.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri wetu alianza kutufundisha nadharia za jinsi fikra za mtoto zinavyokua. Siku moja alituuliza: mkimwambia mtoto mdogo kwamba kuanzia leo paka ataitwa mbuzi, atasema nini? Mimi nikajibu kutoka nyuma kwamba atasema paka sasa ataanza kula majani. Mhadhiri akaniuliza nimesoma wapi. Sikuwa nimesoma popote. Akaendelea kueleza kwamba kuna hatua ambapo mtoto huona jina kuwa sehemu ya kitu chenyewe, limo ndani yake kama utamu ulivyo ndani ya ndizi mbivu, na ukilihamisha umehamisha na kitu. Mtoto huyo pia hudhani kwamba anachokiona yeye ndicho wanachokiona wote, na kwamba maneno yake yanaweza kusukuma mambo ya dunia. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso, nikisikia mlio wa pikipiki ikipanda kilima cha nyumbani.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka ule wa darasa la kwanza. Sisi tulikuwa Wakatoliki katikati ya majirani Wasabato, kwa hivyo Jumamosi kijiji chote kilihamia kanisani ng'ambo ya bonde na kutuachia sisi ng'ombe na mbwa. Tata alikuwa Kenyenya. Alikuwa fundi wa kujenga, akiondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi jioni akiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mama alikuwa ameenda Birongo kwa wazazi wake, kuwasalimia na kuleta marando ya viazi vitamu ya kupanda. Nilibaki na nyanya, mama yake tata, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia safari zote isipokuwa ile ya kutoka kitandani hadi jikoni. Nyanya hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alikisikia redioni na kusema ni lugha ya watu wenye haraka.

Alikuwa amebandika chungu cha chinsaga motoni. Kwaya ya Wasabato ilisikika kutoka ng'ambo, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kama yanavyofanya kwetu kila mchana. Pikipiki ilipoingia uani nilijificha nyuma ya mlango, kwa sababu siku hizo pikipiki haikuja kwa mtu ila kwa jambo. Akashuka mwanamume mrefu, fundi mwenzake tata, mtu wa Kakamega kama nilivyokuja kujua baadaye. Mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umegandamana kwa damu iliyokauka. Damu niliijua, maana nilikuwa nimeona kuku wengi wakichinjwa.

"Hapa ni kwa Baba Kerubo?" akauliza.

Kerubo ni mimi. Nikatoka nyuma ya mlango nikasema ndiyo, ni hapa.

"Huyu mama mzee anasikia Kiswahili?"

"Hasikii."

"Na wewe?"

Nikamwambia nasikia. Nilisema kwa majivuno, kwani hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali hilo akihitaji jibu. Yule mtu akachuchumaa mbele yangu ili macho yetu yalingane. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Basi mwambie hivi, pole pole, usikosee. Baba ameanguka kutoka juu. Ameumia vibaya sana. Tumempeleka hospitali ya Kisii. Mama aende haraka, asingojee kesho. Umeshika?"

Nilikuwa nimeshika. Nimeshika kila kitu. Baba ameanguka. Nilihisi ardhi ya uani ikisogea kidogo chini ya miguu yangu, nikatazama ile damu tena, na sasa nilijua ni ya nani.

Nikamgeukia nyanya nikatafsiri. Nilifanya kazi nzuri, na hadi leo nasema hivyo. Kuanguka nikakutia katika Ekegusii, kuumia nikakutia, hospitali, Kisii, haraka, vyote nikavipitisha salama. Mama aende haraka nikampa nyanya mwenyewe, kwa kuwa mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mwanamke mzima huitwa mama, na yule mtu alikuwa ametoka kumwita hivyo mbele yangu. Neno moja tu sikuligusa. Ningeligusaje? Baba ni baba. Ningeligeuza liwe nani?

Nyanya alipiga ukemi ambao uliwanyamazisha kuku. Yule fundi, aliposikia sauti ile, alijua ujumbe umefika. Akavua kofia, akasema pole mama, pole sana, mimi nirudi kule kwa mgonjwa. Pikipiki ikanguruma, akashuka kilima. Nyanya alikuwa bado ananiuliza, juu gani, ameanguka kutoka juu ya nini, na mtu wa kujibu alikuwa ameshapotea nyuma ya migomba.

"Ni yale magari!" nyanya akalia. "Nilimwambia asipande magari ya watu wanaoning'inia mlangoni! Mke wa mwanangu, ee Nyasae, Mungu wangu, mke wa mwanangu!"

Akachukua fimbo yake na leso, akanishika mkono, tukatoka. Chungu tulikiacha motoni na chinsaga zikaungua mpaka chini, na harufu yake ikatufuata njiani hadi kwenye mikaratusi.

Sijui niwaelezeje hofu ya njia ile. Hofu ya mtu mzima ina mipaka, kwa sababu mtu mzima anajua ni vitu gani haviwezekani. Mimi sikujua. Kila kitu kiliwezekana. Nilimwona mama akianguka kutoka juu, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia ni juu ya nini, alianguka kutoka juu ya kila kitu, kutoka juu ya mparachichi wa Birongo, kutoka juu ya paa la kanisa, kutoka mawinguni. Alianguka tena na tena na hakuna aliyemdaka. Mawe ya njiani, ambayo niliyajua moja moja na mengine nilikuwa nimeyapa majina, yalinitazama bila kusema, nami nikaona kwamba yalikuwa yanajua tangu asubuhi na yakanificha. Mikaratusi iliinama juu yetu. Ng'ambo kwaya ikanyamaza ghafla, na nikajua imenyamaza kwa sababu amekufa.

Kisha likanijia wazo baya zaidi. Nilikumbuka yule mwenye masharubu. Siku baada ya siku tulikuwa tumesimama darasani, sisi sote, tukimnyooshea kidole na kupaza sauti: huyu ni baba! Kila tulipolisema neno lile tulikuwa tunalivuta kutoka kwa mama na kumpa yeye. Hata mtu mwenye nguvu namna gani, ukimvuta hivyo kila siku, mwisho ataanguka. Ndiyo maana ameanguka. Darasa la kwanza limemwangusha. Sikuwaza kwamba ni kosa langu peke yangu, hapana, niliona ni jambo ambalo mwalimu alituanzishia bila kujua hatari yake, na kwamba Jumatatu mtu angepaswa kumwambia.

Na akifa, neno litakuwa la nani? Hilo ndilo lililonitetemesha hasa. Niliona neno baba likibaki peke yake nyumbani kwetu, likizunguka kutoka chumba hadi chumba bila mtu ndani yake, au likihama kabisa kwenda kukaa kitabuni milele. Nikafunga mdomo. Niliamua kutolitamka tena, ili kile kidogo kilichobaki kisiishe. Nyanya aliniuliza kitu, nikatikisa kichwa. Akaniuliza tena, nikauma midomo.

Yeye alikuwa akisema peke yake, kwa pumzi za kukatika, kila goti likimlalamikia.

"Jioni mwanangu akirudi kutoka Kenyenya, nitamwambia nini? Atoke kazini amechoka, aje anikute mimi mlangoni na habari kama hii? Nitamwambia nini mtoto wangu?"

Mimi pia nilimhurumia tata. Nilimwona akija na mkoba wake wa vifaa, hajui lolote, akipiga mluzi kama kawaida yake. Masikini tata, nikawaza, yeye ndiye wa mwisho kujua.

Mvua ilianza tulipofika barabarani. Duka la pale njia panda lilikuwa limefungwa kwa ajili ya Sabato, tukasimama kwenye baraza yake, nyanya ameniingiza ndani ya leso yake. Nilisikia moyo wake ukienda mbio kuliko wangu. Magari ya kwenda Kisii yalipita yamejaa, nyanya akiinua fimbo, nayo yakiturushia maji. Kila gari lililopita bila kusimama nililichukia kama mtu. Nilidhani yanajua na yanakataa kwa makusudi.

Kisha gari moja likatoka upande wa Kisii, likasimama ng'ambo ya barabara, na mama akateremka.

Sikumkimbilia. Ningependa kuwaambia kwamba nilimkimbilia, lakini nilirudi nyuma ya nyanya na kukamata sketi yake kwa mikono yote miwili. Nyanya naye alirudi nyuma hatua moja, mgongo wake ukanibana ukutani. Tulikuwa tumemwona maiti akiteremka garini na mzigo wa marando kichwani. Niliogopa wakati ule kuliko nilivyoogopa njia nzima, kwa sababu alikuwa amefanana naye sana, hata kilemba kilikuwa kilekile cha asubuhi, na sikujua wafu huja kufanya nini.

Aliyetuokoa ni makanga. Alikuwa amemkanyagia marando, na mama akamgeukia pale pale kwenye mvua akaanza kumpa maneno yake. Alimuuliza kama kwao wanalima au wanakula vya kuokota. Alimuuliza kama mamake amemlea kwa macho ama kwa kisogo. Makanga akapanda gari akicheka. Na mimi nikajua huyo ni yeye, kwani hakuna maiti ambaye angejisumbua kugombana kwa ajili ya marando.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba! Baba! Baba!"

Nilivuka barabara bila kutazama. Nililisema neno lile mara nyingi kadiri nilivyoweza, na kila nilipolisema lilikuwa na mtu ndani yake, mwenye mikono yenye maji na harufu ya udongo wa Birongo. Nyanya alikuja akichechemea, akampapasa mama mabega, mikono na uso, kama anayechagua ndizi sokoni, kisha akaketi kwenye ngazi ya duka na kumshukuru Mungu kwa sauti. Mama hakuelewa lolote. Tulipomweleza, wote wawili kwa pamoja, kwamba ameanguka, ameumia vibaya na amelazwa hospitalini, alicheka. Alicheka mpaka akashusha mzigo chini.

"Mimi? Nani amenizika nikiwa kwenye mlo wa mamangu?"

Tukacheka sote. Hata nyanya alicheka, akijifuta macho kwa ncha ya leso. Naikumbuka saa hiyo vizuri sana, sisi watatu kwenye baraza ya duka lililofungwa, mvua ikipiga mabati, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

"Alikuwa mtu gani huyo?" mama akauliza, bado akicheka.

"Mgeni," nyanya akasema. "Mimi sikumsikia. Kerubo ndiye aliyesikia."

Mama akanitazama. Kicheko kilikuwa bado usoni, lakini kilikuwa kimesimama.

"Alizungumza lugha gani, Kerubo?"

"Kiswahili," nikasema. "Nilisikia yote."

"Hebu niambie kama alivyosema. Kwa Kiswahili chake. Usigeuze hata neno."

Nikasimama wima kama darasani, mikono kando, nikakariri kwa sauti. Hapa ni kwa Baba Kerubo? Baba ameanguka kutoka juu. Ameumia vibaya sana. Tumempeleka hospitali ya Kisii. Mama aende haraka, asingojee kesho. Sikukosea hata mahali pamoja, na nilipomaliza nikangoja kusifiwa.

Mama alimtazama nyanya, ambaye alikuwa amefumba macho akiendelea na shukrani zake. Akanitazama mimi. Nyinyi mnaosoma mnajua alichokuwa amesikia. Mimi niliona tu kwamba ameacha kucheka, nikafikiri labda amesikia baridi. Kisha akapiga magoti kwenye maji ya baraza, akanifuta uso kwa kiganja. Mkono wake ulikuwa wa baridi sana.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Umesema vizuri kabisa, mwanangu."

Akatoa kipande cha muwa kutoka katikati ya marando, akakimenya kwa meno, akanipa. Akamwambia nyanya kwamba itabidi aende Kisii mara moja, kuna mtu aliyeumia na huyo mgeni amechanganya majina, afadhali mtu wa nyumbani akaone ni nani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekwenda kununua chumvi. Nyanya akasema sawa, nenda, masikini huyo naye ana watu wake. Gari likatokea, mama akaenda katikati ya barabara na kulisimamisha kwa mikono miwili.

Nilimwona akipata nafasi dirishani. Akafungua kioo, mvua ikamwingilia, akanipungia mkono akitabasamu. Nami nikampungia kwa mkono wenye muwa. Alitabasamu mpaka gari likakata kona, na mimi nikaketi kando ya nyanya nikatafuna, nikiwa na furaha ambayo sikumbuki kuipata tena katika maisha yangu. Hofu yangu ilikuwa imekwisha, kwa hivyo niliona hofu imekwisha kila mahali.

Tata alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya pili. Alipasuliwa, akakaa hospitalini kwa muda mrefu, na aliporudi mguu mmoja haukukunjika tena. Nashukuru bado yupo. Siku hizi hachukui kazi za juu, huweka sakafu, na husema kwamba chini hakuna pa kuangukia. Nyanya aliambiwa kesho yake, wakati ilipokuwa hakika kwamba ataishi. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilielewa siku nilipopelekwa kumwona, wakati muuguzi aliponisukuma taratibu mbele na kusema, "Haya, msalimie baba." Niligeuka kumtafuta mama. Muuguzi akacheka, akanigeuza tena kuelekea kitandani, na pale alikuwa tata, mwembamba, mguu umening'inizwa, akinitazama. Mambo yote ya Jumamosi ile yakanirudia moja baada ya jingine, safari hii yakiwa na mtu mwingine ndani yake. Nililia mpaka nikatolewa nje. Kila mtu alidhani nimeogopa mguu.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia pale pale barazani kwamba aliyeanguka ni tata. Akanijibu kwamba alikuwa na haraka, na kwamba barabarani kwenye mvua si mahali pa kumfundisha mtoto sarufi. Zaidi ya hapo hakusema, na mama asipotaka kusema hakuna wa kumtoa neno.

Ila mwaka juzi, kwenye harusi ya binamu yangu, niliketishwa karibu na mwanamke wa Suneka aliyekuwa akiuza maziwa mjini zamani. Aliposikia mimi ni binti ya nani, aliweka sahani yake chini. Aliniambia kwamba yeye alikuwa ndani ya gari lile. Alimpisha mama dirishani kwa sababu mama aliomba, na akashangaa mtu anayeomba dirisha kwenye mvua. Alimwona akimpungia mtoto fulani kwenye baraza ya duka. Kisha gari likakata kona, na mama yangu akapiga ukemi ambao ulimfanya dereva asimame katikati ya barabara, akidhani amemkanyaga mtu. Akalia kutoka hapo hadi hospitalini, amelala mapajani mwa mwanamke asiyemjua.

Nimewafundisha watoto kwa miaka kadhaa sasa, na nadharia zile nazijua kwa moyo. Mtoto wa umri ule hudhani kwamba anachokiona yeye ndicho chote kilichopo. Mama yangu niliyemjua mimi aliishia pale konani, akitabasamu.